Duwa ya Chombo

Oulu, Finland
18 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Natumai u mzima na miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Maji ya barabarani yamekuwa barafu. Ukikanyaga vibaya unakaa chini bila kukaribishwa. Kazi ya kuhudumia wazee naingia alfajiri, na basi la kwanza hunichelewesha. Lakini usiwe na wasiwasi, nimepata chombo changu mwenyewe. Nusu saa niko kazini.

Nisalimie mdogo wangu Ruwaida, mwambie asome.

Mwanao,
Talha

Shika Adabu, Likoni
20 Novemba 2024

Mwanangu Talha,

Marahaba. Sisi hatujambo, miguu ni ile ile. Alhamdulillahi kwa gari! Nimelia kwa furaha. Nilimwambia Mwanasaumu hapa jirani, nawe wamjua, sasa mpaka Shelly Beach wana habari.

Mwalimu Idarus wa madrasa amekubali kuisomea duwa kila Ijumaa baada ya alasiri. Atasoma hapa barazani kwangu, nasi wanawake tuitikie amina. Lakini ataka namba ya gari, asije akaisomea ya mtu mwengine. Nitumie namba na rangi.

Mamako

Oulu
27 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Natumai nyote wazima. Ni nyeupe. Namba ni KLT 482. Mshukuru sana Mwalimu.

Mwanao,
Talha

Shika Adabu
3 Januari 2025

Mwanangu,

U hali gani? Leo ni Ijumaa ya sita. Mwalimu huitaja namba yako mara tatu, mpaka nami nimeihifadhi. Lakini wewe wiki tatu kimya, simu hushiki. Ruwaida asema labda ni kazi. Nijibu japo neno moja, mwanangu.

Mamako

Oulu
19 Januari 2025

Shikamoo Mama,

Naomba Mungu uwe mzima, na haya uyasome peke yako.

Mama, sina gari. Chombo nilichokwambia ni baisikeli kuukuu. Nilipoandika neno lile nilijua utaelewa gari, nikaliacha liende. Ulipofurahi vile nikashindwa kukurudisha nyuma. Namba niliisoma dirishani, kwenye gari ya jirani inayolala hapa nje. Ndiyo mliyokuwa mkiiombea.

Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Disemba nilikuwa natoka kazini. Wenyeji hutia tairi zenye vijisumari, zishike barafu. Zangu ni za kawaida. Kwenye kona baisikeli iliniponyoka, nikaangukia mkono wa kulia, ukavunjika. Nilipotazama saa, kwenu ilikuwa baada ya alasiri. Mlikuwa mkiitikia amina. Gari ya jirani haina hata mkwaruzo.

Naona haya, Mama, hata nikiswali sithubutu kuomba kitu. Nisamehe.

Mwanao,
Talha

Shika Adabu
1 Februari 2025

Mwanangu Talha,

Marahaba, na Mungu akupe afua. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na ningeandika maneno mabaya.

Jana walikuja kama kawaida. Mwalimu alipoinua mikono nikamwambia, ngoja. Nikasema mbele ya wote: mwanangu hana gari, ana baisikeli, na namba ile ni ya mtu nisiyemjua. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwanasaumu alijifunika leso usoni, sijui alikuwa akicheka au akilia. Mwalimu alishusha mikono, akasema, "Basi jirani yake tumemfanyia wema." Nikawamiminia kahawa, nyengine ikamwagika kwenye sinia.

Haya hiyo iliniisha pale pale. Iliyonikalia ni nyengine. Mwanangu amevunjika mkono, amekaa nao mwezi mzima ugenini, akaona afadhali hivyo kuliko kunambia mimi. Nilijigamba mno, Talha, hata ukakosa pa kusemea kweli. Nisamehe na mimi.

Makoti ya huko nimeyaona kwenye picha, yana vifungo mpaka shingoni. Nawe una mkono mmoja. Anakufungia nani?

Mamako