Mama, Hii Ndiyo Sauti ya Injini Ndogo

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Utasema kuishi Buhongwa kumeniharibu.

Nakuandikia kwa sababu mtumbwi wako una sauti mpya na wewe huijui. Jambo hilo linaninyima raha tangu juzi.

Kwenye nyumba yako ya Ilemela nalala mimi sasa. Cherehani nimeileta, ipo chini ya dirisha, pale ulipokuwa unaweka mtungi. Wateja wangu wa Buhongwa wamenuna, watazoea. Mdogo wangu Masanja, nahodha wako, anapita kula kabla ya kwenda ziwani. Anakula amesimama, kama kawaida yake, na akishaondoka nyumba inakuwa kubwa. Sikujua nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa namna hii. Siku nyingine najikuta nazungumza na sufuria.

Asubuhi nashuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nageuza beseni lako juu ya lile jiwe bapa, nakaa, nasubiri mtumbwi urudi. Wenzako wa kuuza samaki wananisalimia vizuri, kisha wanaendelea na yao. Kusubiri peke yangu sikuzoea, mama. Kila nilipokuja kwako tulikuwa wawili, na kazi ya kusikia ilikuwa yako. Ziwa likiwa bado na ukungu, hakuna anayeona kitu, ulikuwa unaacha kupaa samaki, unainua kidole na kusema, “Hao.” Basi. Baadaye kidogo tunawaona. Injini zote za ziwa hili zinalia, wewe unaitambua ya kwako. Mimi nilikuwa nasikia kelele tu.

Unaikumbuka ile siku injini ilipowazimikia akina Masanja katikati ya maji, upepo ukawapeleka mpaka upande wa Kamanga, wakarudi wamevutwa na mtumbwi wa watu? Ulikaa juu ya beseni mpaka jua likazama, chakula hukugusa. Tangu hapo wimbo wako ukawa mmoja: injini ndogo ya akiba. “Sitaki inayokimbia,” ulikuwa unasema. “Nataka ya kunirudishia mtoto.” Masanja alikuwa anacheka, anasema hizo ni za kutembezea wageni. Ukaondoka jambo lenyewe likiwa bado linaning'inia.

Tulipomaliza matanga, mtumbwi ukiwa bado umepumzishwa mchangani kwa ajili yako, nilimwambia Masanja hautaingia majini mpaka uwe na injini mbili. Alikasirika. Alisema mimi nashona magauni, nisimfundishe ziwa. Nikamjibu kwamba nimebaki na yeye tu. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Huo ndio ukweli wenyewe, mama. Baba alitangulia, sasa na wewe. Ziwa likimchukua Masanja, mimi nitaitwa dada na nani?

Tukaenda mjini, kwenye duka la yule mzee wa Kihindi aliyekuuzia injini ya kwanza. Aliposikia umefariki alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Masanja akaelekea moja kwa moja kwenye injini zenye nguvu nyingi. Mimi nilimwomba mzee aniruhusu nizinyanyue. Alicheka, lakini akaniruhusu. Ile niliyoweza kuibeba mwenyewe kutoka kaunta mpaka mlangoni ndiyo niliyosema tunaichukua. Itashushwa kila siku kwa sababu ya wezi, na huko ziwani anayeihitaji atakuwa mtu aliyechoka. Nikauliza pia kama inakunywa petroli iliyochanganywa na oili kama ile kubwa, ili dumu moja lizinyweshe zote mbili. Utaniona nimekuwa mtu wa injini. Maswali yote yalikuwa yako, nilikuwa nayakariri tu.

Halafu mzee akaniuliza: mguu wa injini, ule unaoshusha propela majini, uwe mrefu au mfupi? Nikajibu mfupi bila hata kusita, maana Fundi Luhende aliyekuundia mtumbwi alikuwa ameshapima. Alipima vizuri sana. Tatizo ni kwamba alipimia mchangani, mtumbwi ukiwa mtupu. Alipigilia ubao mnene nyuma, kushoto kwa injini kubwa, akaikaza ile ndogo, akaifunga na kamba isije ikachomoka ikazama. Ikapendeza. Tukausukuma mtumbwi majini, nyavu zikapakiwa, vijana wakakaa mbele, nyuma ikanyanyuka. Masanja akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikapiga makelele na mtumbwi haukwenda popote. Propela ilikuwa inakoroga hewa! Mwalo mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikageuka nione unavyocheka.

Luhende hakubishana. Alichonga ubao mwingine, unaoshuka chini zaidi, na safari hii akaingia kupimia majini, maji yamemfika kifuani. Masanja alikuwa pembeni yake anamshikia injini, kwa hiyo mahali pa nahodha pakawa wazi, na alitakiwa mtu akae pale ili nyuma ikae kama inavyokaa siku zote. Nchi kavu nilikuwa nimebaki mimi. Luhende akasema, “Kabula, panda wewe. Mtumbwi ni wenu.”

Unajua mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia. Wewe ulikuwa mwenye mtumbwi miaka yote hiyo na hukuwahi kuukanyaga. Ulikuwa unaugusa tu ubavuni ukiondoka, kama unavyogusa shavu la mtoto anayekwenda shule. Sikupanda, mama. Si kwa kuogopa mwiko, maana siku ile hakuna ambaye angenisema. Ni kwa ajili yako. Ulitamani sana kukaa pale, hata mara moja. Ningekaa mimi, halafu nishuke nimsimulie nani? Nikawaambia wajaze kiroba cha mchanga. Kiroba kikakaa mahali pa nahodha, Luhende akafunga ubao wake, propela ikazama na kushika maji.

Sasa habari ya juzi. Mitumbwi yote ilirudi isipokuwa wetu. Gari la barafu likapakia samaki wa wengine, likaondoka. Wanawake wakaosha mabeseni yao, wakaenda zao. Nikabaki juu ya jiwe, natega sikio kwa ile injini kubwa, na ile haikulia. Nilisikia kitu kingine, chembamba, cha mbali. Nikasema moyoni hao ni watu wengine, nikatazama pembeni. Mama, nilitazama pembeni. Nikaanza kufikiria nitampigia nani simu kwanza, nikakumbuka kwamba wa kwanza ni wewe.

Walikuwa ni wao. Injini kubwa ilizimika mbali kabisa na ikagoma kuwaka. Ndogo iliwaleta polepole, upepo ukiwa usoni, mpaka mchangani. Niliingia majini na nguo zangu. Masanja alishuka macho mekundu, akanishika bega. Nilidhani atasema nilikuwa sahihi, au walau atanitania. Akasema, “Dada, leo mama asingetujua.”

Tulilia wote wawili, pale pale, vijana wakajifanya wanakunja nyavu.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikiliza vizuri. Ile kubwa, unayoijua, bado ipo kwa fundi, ikipona itaunguruma vile vile. Hii ndogo inalia kama cherehani yangu nikishona jinzi: inakazana, inafika kwenye pindo inasita kidogo, halafu inaendelea. Ikiwa mbali hutasikia kukazana, utasikia kule kusita tu. Umeisikia sauti hiyo miaka mingi, ukija kwangu Buhongwa ulikuwa unasinzia kitini ukiisikia, na mimi nakufunika kanga.

Nakuahidi nitaendelea kugeuza beseni kila asubuhi, na sitatazama pembeni tena. Masikio yangu bado ni mabovu, lakini nakaa upande wa kulia wa jiwe, kushoto ni kwako. Pumzika, mayu, mama yangu. Ila hii injini usiisinzilie. Ukiisikia, sema, “Hao.”

Mwanao wa ufukweni,
Kabula