Mama Ndani ya Mto wa Elvis

Laini Saba, Kibera
Jumamosi, 14 Juni 2025

Dada mpendwa Adhis,

Naapa kukueleza kila kitu, hata yale yatakayokuudhi. Habari za Kawangware? Mgongo unaendeleaje na ile kazi ya kufua? Sisi tu wazima. Barua hii nampa Trizah, anayekuja huko leo, aikabidhi mkononi mwako, kwa kuwa mchumba wako Elvis hushika simu yako.

Unajua Elvis hutengeneza picha na video za watu na mazingira yao. Mwezi uliopita alikuja kwenye shamba la Mama kando ya mto. Akamwomba aingie majini, ainue sketi hadi magotini, aoshe sukuma humo. Mama mkwe wake, Adhis! Hata kumtazama hivyo ni aibu, sembuse kumrekodi. Mama aliniambia baadaye kwamba alikubali ili asikuharibie ndoa. Kisha Elvis akamwaga gunia la chupa na nepi kuukuu miguuni pake, akisema picha lazima iongee.

Wewe unajua Mama huosha mboga zake kwa maji ya bomba. Lakini video ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya Elvis, katika ukumbi wa Sarang'ombe, majirani waliamini walichokiona. Mama Joan alimsimamisha njiani, mbele ya watu, akamwambia, "Nereah, kumbe umekuwa ukitulisha mtaro!" Tangu hapo sukuma inageuka manjano shambani, hakuna wa kuichuma. Nilipomlalamikia Elvis alicheka, akaniambia, "Shemeji, tulia, Mama sasa ni staa."

Nikaamua naye awe staa.

Siku ya kufunga maonyesho Elvis aliniweka kusimamia kompyuta ya kuonyeshea video, kwa kuwa Mwalimu Christine ametufundisha video katika chama chetu cha picha shuleni. Badala ya video yake niliweka yangu, niliyoirekodi kwa simu ya Mama siku ile ya mtoni, nikiwa nimesimama ukingoni. Ukumbi mzima ulimwona Elvis akimwaga gunia. Ukamsikia akisema, "Mama, inua sketi kidogo. Bado. Hapo hapo." Mzee Opondo alisimama na kumuuliza kama huyo si mama mkwe wake, na kama kwao mama mkwe huinuliwa sketi. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Elvis alitoka mbio, akaacha hata kamera. Nilifurahi, dada. Bado ninafurahi. Leo asubuhi wanawake wawili walikuja kununua sukuma, na mmoja alimwomba Mama msamaha.

Watu wote nimewaambia kwamba nilibonyeza vibaya. Si kweli, nilipanga. Na kuna jambo ambalo hata Mama halijui. Mwishoni mwa video yangu Elvis anampa Mama mkono atoke majini, anapiga magoti kwenye tope, anamwomba radhi na kuokota takataka zote kuzirudisha guniani. Mama anajua aliombwa radhi, lakini hajui kwamba kipande hicho nilikikata. Kingewafanya wamhurumie, nami sikutaka ahurumiwe.

Bado ninacho kwenye simu ya Mama, nimekificha. Mama anakusalimu, na Nabwire wa jirani pia. Usikae na njaa huko ili ututumie pesa.

Trizah atarudi Jumatatu, kwa hiyo nijibu kupitia kwake: nikuletee kipande hicho ukione kabla hujaamua kama utaolewa na Elvis, au nikifute?

Mdogo wako akupendaye,
Awiti