Baba na Kona Iliyoangusha Treni

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya mvua, na bado tukisikia mluzi mtaani tunageuza shingo kutazama geti.

Ulikuwa dereva wa treni maisha yako yote ya kazi. Uliofanya nao kazi wanasema ulipunguza mwendo kila ulipopita nyuma ya zahanati, ili wagonjwa wasishtuke. Majirani walikuita Mzee Honi kwa sababu ulipiga mluzi kabla ya kuingia popote, hata jikoni kwako mwenyewe. Ulipostaafu uliendelea kung'arisha viatu kila asubuhi, ukavivaa, ukakosa pa kwenda. Ndipo ukaanza kujenga reli katika chumba cha uani: treni ndogo ya umeme, behewa lake linaenea kiganjani, juu ya vipande vya foamu ngumu, ile nyepesi wanayoweka kwenye kuta za vyumba vya baridi.

Lakini nyumba yetu ilikuwa na jambo. Binti yako alikuwa ameacha chuo akaolewa na fundi seremala, nawe ukasema mtu huyo humjui. Hukupandisha sauti. Ulinyamaza tu, na kimya chako, Baba, kilituumiza kuliko matusi. Kwa miaka binti yako alikuja kumwona Mama ukiwa umetoka.

Meza ya treni ilipoanza kubonyea katikati, Mama alimwita mkwe wako bila kukuuliza. Akaja na begi lake la vifaa, akakuamkia. Marahaba yako uliitoa ukitazama dirisha.

Akatengeneza fremu mpya, mkakata foamu, mkaibandika. Kila ulichotaka kumwambia ulimwambia Mama: mwambie fundi aache nafasi ya daraja, mwambie fundi kisu chake ni butu. Naye akajibu kwa Mama huyo huyo kwamba kisu si butu, mkono ndio una haraka. Mama akatua sufuria, akasema yeye si mkalimani, na nyote wawili mnazungumza lugha moja.

Kisha ikaja ile kona. Hapo vipande viwili vya foamu vilikutana na reli ilitakiwa kupinda. Gundi uliyonunua mwanzo iliitafuna foamu ikaacha mashimo. Mkwe wako akaleta gundi nyeupe ya mbao, ambayo haidhuru foamu ila hukauka taratibu. Mkabandika reli, mkaichomekea pini, na treni ilipofika pale ikaanguka. Mkarudia, ikaanguka tena. Ukamwambia Mama, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba fremu imepinda kwa sababu aliyeitengeneza amezoea kuiba.

Kila mtu alijua huzungumzii mbao, unamzungumzia binti yako. Na wakati huo huo binti yako alikuwa amefika mlangoni kumfuata mumewe. Alikwisha kumwambia Mama kwamba mumewe akidhalilishwa tena humu ndani hawatakanyaga tena, na mtoto aliyekuwa tumboni hatamjua babu yake.

Mkwe wako aliweka pima maji juu ya fremu, akasogea pembeni ili uangalie mwenyewe. Fremu ilikuwa sawa. Ukainama, shavu likigusa foamu, ukaibonyeza reli kwa kidole, na ukaona kosa lilipokuwa: pini zilikuwa zinacheza ndani ya foamu, na reli ilikuwa ikijinyoosha kabla gundi haijashika. Ilibidi ishikiliwe kwa mikono mpaka ikauke.

Ukapaka gundi upya, ukaikunja reli, ukaikandamiza. Lakini mkono wako wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, jambo ulilotuficha, na reli ikatetemeka nao. Mkwe wako aliona. Akaja upande wako, akaweka mkono wake juu ya wako.

"Usiachie, mzee," akasema.

Sasa hapakuwa na wa kuondoka. Mlisimama bega kwa bega, jasho likiwatiririka, hakuna anayemtazama mwenzake. Binti yako alikuwa na mkoba begani, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kwa nini hujawahi kunywa hata maji kwangu?" ukamuuliza, macho kwenye reli.

"Hujawahi kunikaribisha."

Ukaikandamiza reli zaidi. Halafu ukasema, "Mke wangu, tuletee maji. Na mwanangu apewe kiti, asisimame mlangoni na mzigo wake."

Jioni ile treni ilipita. Behewa la mwisho liliyumba, tukabana pumzi, nalo likapita. Hukushangilia. Ulimuuliza mkwe wako atakuja lini mjenge stesheni, naye akawa anakuja kila Jumamosi.

Mjukuu wako ulimpakata. Na ugonjwa ulipokulaza, mkwe wako ndiye aliyekunyoa ndevu na kukubeba bafuni, maana mwingine hukumtaka. Wiki yako ya mwisho muuguzi alikuuliza hawa waliokuzunguka ni nani wako. Ukamshika mkwe wako mkono, ukasema, "Huyu ni mwanangu." Binti yako alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Ukamgeukia, ukamtazama kidogo, ukaongeza, "Na huyu ni mkewe."

Unakumbukwa na mkeo mpendwa, binti yako, sisi wanao wengine, mwanao seremala, mjukuu wako, ndugu zako na madereva wenzako wa zamani. Haitapita siku tusikukumbuke, Baba.