Laini Iliyo kwa Jina Lako, Kaka

Dar es Salaam

Kaka yangu Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Wifi na watoto je? Kahawa mmeanza kuichuma au bado mnaiangalia tu? Mimi nipo. Nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza, na safari hii sitaki uongo. Nashona, nakula, nasali, ila kutulia siwezi. Tangu nianze kuandika nimeinuka kuchungulia dirishani, nimekaa, nimeinuka tena.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Simu siigusi tena. Barua hii anakuletea Sista wa parokia ya Mapera aliyekuja huku kutibiwa macho, na nimemsihi akupe wewe mkononi. Tafadhali usiipeleke kwenye sengu. Nakujua! Karatasi yoyote ikitoka mjini unaibeba mpaka kwa Babu, pale mnapokula wanaume wote wa ukoo, unaisoma kwa sauti mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wanaitikia. Hii isome peke yako, kisha msomee Mama.

Kaka, Gervas alinipata.

Nasikia aliwaaga kwamba anakwenda Songea kununua nyavu. Nyavu gani! Alikuja huku. Asubuhi nafika kufungua chumba cha kushonea, naona mtu amekaa kwenye ngazi na lile koti lake la mvua. Akaniambia, "Ostina, umekonda." Ni ile sauti yake ya upole, ile inayotangulia kipigo, wewe huijui kwa sababu kwako anakuja na samaki. Nilitaka kukimbia, akaniwahi. Alinisukuma ndani, akachukua pasi ya mkaa mezani, nashukuru Mungu ilikuwa haijawashwa, akanipiga nayo mgongoni. Aliyeniokoa ni Mama Zuhura, mwenye chumba hicho ninachoshonea. Yule mama akipiga yowe, mtaa mzima unatoka na michi. Wakamshika, polisi wakamchukua, wakamlaza ndani kidogo, wakamwachia. Walisema ni mume aliyekuja kumwona mkewe wakagombana, mambo ya nyumbani. Sasa yuko huko Liuli anauza samaki kama mtu mwema, na najua bado anakuletea mbasa wa kukausha na wewe bado unamwita shemeji.

Alinipataje? Alinieleza mwenyewe nikiwa nimelala chini, tena kwa majivuno. Unakumbuka walipotangaza kwamba kila laini isajiliwe, la sivyo itafungwa? Nyumbani nani alikuwa na kitambulisho ambacho panya hawajakionja? Wewe na kadi yako ya kupigia kura. Ukashuka Mbinga mjini, ukasajili yako, ya Mama, ya wifi na yangu, zote kwa jina la Osmund, ukarudi umetuna kama umekomboa ukoo. Tukakuchinjia na jogoo. Sisi Wamatengo ndivyo tulivyo, shamba la ukoo, chungu cha ukoo, tukaona na simu nayo iwe ya ukoo. Nilipomkimbia Gervas ukanisajilia laini mpya kwa kadi ileile, ukaniambia, "Hii hataijua mtu." Kumbe hakuwa na haja ya kuijua. Alikwenda kwa rafiki yake anayekaa kwenye kompyuta ya kampuni ya simu pale mjini, akamwambia, nitolee laini zote za Osmund. Zikatoka zote kama siafu. Moja ilikuwa ikiongea kutoka Dar es Salaam, na kompyuta ikataja mpaka mnara uliokuwa karibu yangu. Ilibaki kuuliza tu, fundi cherehani Mmatengo anashona wapi mtaa huu.

Sikulaumu kwa wema wako, kaka. Mwenye kosa ni yule aliyefungua mlango usio wake. Lakini nilipata hasira, we acha. Kwanza nililia, halafu machozi yakakauka yakabaki makali.

Mama Zuhura akasema kulia nyumbani hakumfikii mkubwa yeyote. Basi kampuni ilipotangaza sherehe yao ya wateja, turubai, muziki, keki, wakurugenzi wote meza kuu, tukaenda. Hatukuwa wawili tu, ndugu yangu. Kumbe watu wana vidonda! Mwalimu mmoja anapigiwa na matapeli wanaomtaja kwa majina yake matatu na kijiji alichozaliwa. Mjane mmoja ujumbe wake wa siri ulisomwa mbele ya wakwe. Wengine sikuwajua wana lipi. Zile fulana walizotugawia getini tukazivaa ndani nje, maandishi yao yakaangalia ngozi. Mwalimu alikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa NAMBA YANGU SI KARANGA. Tukasimama mbele ya meza kuu, tukakataa kukaa.

Walinzi wakaanza kutusukuma. Mkurugenzi mkuu, mtu mnene wa kutabasamu, akaona wapiga picha wa magazeti wamegeuka, akasema waacheni, huyu mama ana shida gani? Akampa Mama Zuhura kipaza sauti. Lo! Amempa paka kibuyu cha maziwa.

Mama Zuhura akamsalimia vizuri kabisa, kisha akamwambia, "Baba, naomba namba ya simu ya mkeo, mtaa mnaokaa, na anatoka nyumbani saa ngapi."

Mkurugenzi akacheka. "Mama, hayo ni mambo ya siri ya familia yangu."

"Hee! Kumbe unajua!" akasema Mama Zuhura.

Kaka, watu walilipuka. Hata wale waliokuja kwa ajili ya keki walisimama kwenye viti. Mimi nilijikuta napiga kelele mpaka kidonda nilichoshonwa mgongoni kikaniuma, na sikujali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kusikia sauti yangu ikitoka bila kutetemeka.

Wakaona bora watusikilize. Tukaingizwa ofisini mmojammoja. Mimi nikampata dada mwenye miwani, mpole. Nikamsimulia yote, nikamwonyesha na mgongo. Akaandika namba yangu kwenye kompyuta, akakunja uso. "Dada, pole sana," akaniambia, "lakini wewe si mteja wetu. Mteja ni Osmund, na yeye hajalalamika."

Nimepigwa mimi, mteja ni wewe!

Amesema ukija mwenyewe na kadi yako, mapema mwezi ujao, itabidi wafungue na kuangalia ni nani aliyezitazama laini zako na siku gani. Wakikiri hilo, polisi hawawezi tena kusema Gervas alikuja kusalimia. Itajulikana aliniwinda. Bila wewe hakuna kinachofunguliwa, na yeye anaweza kurudi wiki yoyote. Chumba nimeshahama. Ninakokaa sitakuandikia, hata wewe, na kalamu inaniuma kusema hivyo.

Najua utasema kahawa. Wifi anaweza kukoboa kahawa kuliko wewe, usinichekeshe. Najua pia Babu alitamka kwenye sengu kwamba ndoa ya kanisani haivunjwi kwa makofi, na ukija huku utakuwa umesimama kinyume chake na kinyume cha huyo shemeji yako, na chungu kitakuwa kichungu kwako kwa muda. Hilo silichukulii kirahisi. Lakini wewe ndiye uliyenipakia kwenye lori alfajiri ile ukaniambia nisiangalie nyuma. Nakuomba umalizie ulilolianza.

Mwambie Mama sijamsusa. Najua kila Jumapili baada ya misa anapanda kwenye lile jiwe juu ya kahawa, penye mtandao, anakaa na simu mapajani akinisubiri. Asipande tena, mguu utamuumiza bure. Mpe shikamoo yangu, mwambie namuota.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake la Ekaristi ya mtoto nimeshalikata, bado pindo tu. Katekista aendelee kuniombea, na Babu mpe shikamoo ya heshima, hata kama amenikasirikia. Gervas asiambiwe kwamba nimeandika.

Kaka, jina ni lako, mgongo ni wangu. Sista atakuelekeza pa kushukia. Nitakuwa nimesimama pale na fulana ile, ndani nje, kila basi la Songea likiingia.

Mdogo wako niliyekufuata ziwa,

Ostina