Faili la Watoto wa Damian

Jumatatu, 5 Juni 1995

Navnit amekuja tena ofisini kwetu, kwenye mradi wa yatima, kutufundisha kompyuta. Ni mwana wa mzee Thakorbhai wa duka la vitambaa, lakini siku hizi anajua mashine kuliko vitenge. Leo katuonyesha jambo dogo, nimelipenda mno! Ukiwa kwenye ukurasa wa kuandikia, unabonyeza kitufe kimoja cha juu, tarehe na saa zinajiandika zenyewe. Unaongeza neno lako, unahifadhi, unarudi kwenye barua ya bosi. Hakuna anayejua kwamba ulitoka. Anasema kichwa cha mtu ni pakacha, kwa hiyo ukikumbuka kitu kiandike papo hapo.

Akatutaka tujaribu. Zabibu, mwenzangu wa meza ya pili, akaandika "kununua sabuni". Mimi vidole vikaenda vyenyewe: Damian anasema kahawa ya upande wa mtoni ivunwe kwanza.

Aliniambia hivyo juzi nilipokwenda Muleba. Mdogo wangu huyo! Yuko kitandani, mwili umekwisha, bado anawapangia watu kazi.

Alhamisi, 8 Juni

Faili limenenepa. Nimeliita WATOTO, maana mengi ni ya wanawe wawili. Kila ninapokumbuka neno la Damian, hata katikati ya barua ya wafadhili, nabonyeza na kuandika. Koku asipewe maziwa, yanamvuruga tumbo. Rwegasira anaogopa radi, lakini usimwonyeshe kwamba unajua. Paa la jiko litazamwe kabla ya vuli. Bwana Nathanael, msimamizi wetu, anasikia vidole vinavyokimbia, anadhani nina bidii!

Ila lile kubwa halimo. Watoto watabaki na nani? Mama yao tulimzika mwaka jana, kwa ugonjwa huu huu. Damian hasemi, na mimi siwezi kuuliza. Kwetu kumuuliza mgonjwa hivyo ni kumchimbia kaburi huku anakutazama. Na asipotamka kwa mdomo wake, ataamua kaka Karugendo, mkubwa wetu. Yeye kishapanga — Rwegasira akae dukani kwake, Koku apelekwe Biharamulo kwa shemeji zake, akafanye kazi za ndani. Mtoto wa miaka kumi!

Nawataka mimi. Wote wawili. Sikujaliwa kuzaa na niliyeolewa naye alinirudisha nyumbani, lakini nina chumba Bakoba, hapa mjini, na nina mshahara. Nimeandika hapa tu. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 11 Juni

Muleba, baada ya Misa. Nimempikia ndizi kwa maharage, kala vijiko viwili, kasifu kama kamaliza sufuria. Muongo mpenzi.

Kaniuliza kwa nini siku hizi nautazama mdomo wake. Nikamweleza habari za kompyuta. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika! Kasema namkausha kama senene wa kuliwa, ili nimweke kwenye chupa. Halafu akajitengeneza kwenye mto kama mheshimiwa, kaniamuru niandike: Felicitas hajui kuivisha ndizi, zinabaki na kiini kigumu. Nimeahidi kuiandika kwa herufi kubwa.

Tulipobaki wawili akasema, "Dada, kuna jambo." Nikangoja. Akatazama dirishani, akasema mvua inakuja. Hapakuwa na wingu hata moja.

Waoga wawili, tumbo moja.

Jumatano, 21 Juni

Ee Mungu, aibu gani hii!

Jana gari la mradi lilikwenda Muleba kugawa blanketi na madaftari kwa yatima. Orodha aliiandaa Zabibu, akikusanya majina kutoka mafaili yote yaliyo kwenye kompyuta. Akalikuta WATOTO. Majina mawili, ya Muleba, mama amefariki, na kila mstari "Damian alisema", "Damian alitaka". Akaona, huyu naye ameshatangulia. Akawaandika yatima wa baba na mama. Kosa si lake. Ni mimi niliyeliweka faili langu katikati ya mafaili ya mradi.

Bwana Nathanael alikwenda mwenyewe. Akasimama uani na blanketi mikononi, akawapa watoto pole ya msiba wa baba yao. Mlango ukafunguka. Damian katoka na fimbo yake, kasema kwa heshima ya kwetu, "Ahsante waitu. Marehemu ni mimi. Karibuni ndani."

Nathanael amenisimulia huku anajifuta jasho. Zabibu analia tangu asubuhi, ananiomba msamaha mimi ninayetaka kumwomba yeye. Tumeshikana mikono chini ya meza. Nimewahesabisha watu ndugu yangu miongoni mwa wafu, naye anapumua! Karugendo akisikia atasema nimemchuria kifo. Na mimi mwenyewe nitamwambia nini?

Alhamisi, 22 Juni

Sijala. Navnit kapita, kasikia, kashauri nilifute faili tu. Kitu cha sekunde moja, anasema.

Sikulifuta. Ni sauti yake ile.

Jumamosi, 24 Juni

Nilifika Muleba. Nikamkuta uani anaota jua, kajifunika — blanketi lile lile la mradi! Kasema la yatima lina joto kuliko la wagonjwa. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Kanishika kichwa. Mkono wake umekuwa mwepesi sana.

Nilidhani atanitania mpaka jioni. Hakutania. Kasema siku ile alichungulia dirishani kabla ya kutoka. Aliwaona wanawe wamesimama, Koku anapokea blanketi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, kamvuta mdogo wake karibu. Wawili tu, uani, na wageni. "Niliwaona siku ambayo mimi sipo, dada. Na hakuna mtu aliyesimama nao."

Kamtuma mtu kuwaita wanaume wa ukoo, kesho baada ya Misa. Atasema nini, hakuniambia. Sikuuliza. Nampenda mtu huyu mpaka nashikwa na hasira.

Jumapili, 25 Juni

Niko jikoni, naandika haraka, maji ya kahawa hayajachemka. Ukoo umejaa sebuleni. Damian kavaa suti ya harusi yake, mabega yake mawili yangeingia kwenye bega moja la koti. Koku kamchana nywele.

Nasikia kila kitu, ukuta ni mwembamba. Kaanza kwa kusema yungali hai, kwa hiyo wamsikilize yeye kabla ya kusikilizana wenyewe. Watu wakacheka kidogo. Kibanja, yaani nyumba na shamba lake la kahawa, kampa Rwegasira, na mzee Rugambwa, mkuu wa ukoo, akilinde mpaka mtoto akue. Wameitikia. Karugendo naye kaitikia.

Kisha kasema, "Sasa watoto." Karugendo kamkatiza — hayo yameshapangwa, mgonjwa apumzike. Damian kasema hapumziki, na hasemi neno mpaka Felicitas aingie.

Karugendo kasema kikao hiki ni cha wanaume, mwanamke hana kiti humu.

Damian kajibu, "Basi atakaa kwenye changu."

Nasikia kiti kinaburutwa. Nasikia fimbo. Watu wanamwambia kaa, kaa, utaanguka! Mzee Rugambwa anasema mwacheni. Kalamu inakimbia, mwandiko gani huu —

Koku yuko mlangoni. Anasema, "Shangazi, baba amesimama. Anasema hatakaa mpaka ukae wewe."