Mlango wa Makuti Matupu

Mjukuu wangu Zuwena,

Salamu kutoka Tanga. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, na sote wazima, alhamdulillahi.

Nimeiona picha uliyonitumia ya mtaa wetu wa zamani wa Tibirinzi, siku ya sherehe ya taifa nilipokuwa mtoto. Unauliza kwa nini kila mlango una kanga na maua, na wetu una makuti mabichi tu. Je, tuligoma?

Hapana, mwanangu. Babangu alikuwa amefariki, na mama alikuwa anakaa eda. Pambo hakulitaka, lakini alichelea watu wasije wakasema tumesusia. Vijana wa kupamba walipofika kwetu, mmoja akasema, "Huu tuuruke."

Jirani yetu Bi Mize akaja juu. "Kwani humu wamekufa wote? Nyumba ya eda haipambwi, wala hairukwi!" Akaleta makuti ya uani kwake, akayafunga mwenyewe, bila ua hata moja.

Mama alichungulia dirishani, akalia, kisha akacheka.

Nimeishi ugenini miaka mingi, na mlango ule ndio ninaoukumbuka kwanza. Isafishe hiyo picha, uwapelekee wajukuu wa Bi Mize. Waambie yale makuti aliyafunga bibi yao.

Bibi yako akupendaye