Mkahawa Uliokaguliwa Kama Mpaka

Mjukuu wangu Mariamu,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikushukie huko Kigali. Hapa Kamembe tu wazima. Bibi yako amepata meno mapya, na sasa anatukosoa kwa ufasaha zaidi.

Umeacha benki, unaniuliza utaijuaje kazi iliyo yako. Nami ujanani niliacha forodha nikafungua mkahawa, nikihofu kwamba nimejiharibia maisha. Asubuhi ya kwanza waliingia akina mama wachuuzi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kwa mazoea nikasimama mlangoni, nikaamuru: "Pangeni mstari! Fungueni mifuko!"

Wakatii wote, hadi mmoja, samaki wakavu mkononi, alipouliza: "Papa, hapa ni kwa chai, ao tunavuka tena mpaka?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Nilitamani kurudi forodhani siku ileile. Bibi yako akaninong'oneza, "Waulize kama wana njaa."

Nikawauliza.

"Sana, Papa!" Wakavuta viti, wakaagiza maandazi, kisha chai ya pili.

Mpakani, mjukuu wangu, kila mtu alifurahi kuachana nami. Mola akujaalie kazi ambayo watu wakikufikia, hawana haraka ya kuondoka.

Babu yako,
Mzee Idi